Siku Watoto wa Mahigaini Walipohesabiwa

Nilipokuwa mtoto, kule Mahigaini, hakuna mtu mwenye adabu aliyekuuliza nyumbani kwenu mna watoto wangapi. Aliuliza, "Watoto hawajambo?" nawe ukamjibu kwamba wapo, wanakula na wanasumbua. Basi. Aliyetaka kujua zaidi alibaki mpaka chakula kipakuliwe, aone mwenyewe sahani zinapita.

Leo Mahigaini haipo. Ukishuka kutoka Kawangware sokoni kuelekea mtaa wa Kongo utakutana na maghorofa yaliyobanana na nguo zinazoning'inia, na ukimtajia kijana wa pale jina hilo atadhani umepotea. Lakini miaka michache baada ya uhuru kilikuwa kijiji kamili, ingawa jiji lilikuwa limeshatuingiza ndani ya mipaka yake bila kutubishia hodi. Tulikaa juu ya mgongo wa kilima chenye udongo mwekundu na mawe mengi, na jina letu lilitokana na mawe hayo. Chini palikuwa na kijito, na kandokando yake nduma, yaani magimbi, zilizonenepa kuliko watoto. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa shamba kuanzia mgongoni mpaka majini, ili asiwepo wa kupata ukavu mtupu wala tope tupu. Nadhani waliogawa hivyo walikuwa na akili kuliko waliokuja kupima baadaye.

Sisi wenye mashamba tulikaa juu. Chini, karibu na kijito, wazee wetu walikuwa wameanza kujenga vyumba vya udongo na mabati vya kupangisha, na huko waliingia watu kutoka Machakos na Kitui waliokuja kutafuta kazi. Mpangaji wetu alikuwa Mama Mutua, ambaye mumewe alifua majiko kwa mabati chakavu na yeye mwenyewe aliuza mboga za sukumawiki alizozifuata kwa dada yake aliyekaa mtaa wa Silanga, kule Kibera. Alikuwa na maneno mengi na moyo mwema, na aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni bibi yangu.

Na watu wa Mahigaini walikuwa wangapi? Nimesoma, tena nimefundisha watoto wa wenyewe hesabu mpaka nikastaafu, lakini idadi hiyo sijawahi kuitamka na leo pia sitaitamka. Tulitosha. Mniwie radhi.

Bibi yangu, mama yake baba, sote tulimwita Shosho. Alikuwa mfupi, mkali, na mwenye alama mbili za kamba ya mizigo kwenye paji la uso. Mbuzi wake hakuwahesabu hata siku moja. Walipoingia zizini jioni aliwatazama tu, kisha akasema, "Yule wa sikio jeupe hayuko," na kweli ungemkuta amenasa vichakani. Akigawa viazi alitaja majina: hiki cha Nyambura, hiki cha nani. Nyambura ni mimi. Akilazimika kabisa kusema kumi, alisema tisa iliyojaa. "Ukihesabu watu," alituambia, "unamwonyesha mwenye kuchukua mahali pa kuanzia."

Tulimcheka, mbali na masikio yake. Mama yangu, aliyelelewa kwa wamisheni, hakucheka, ila alikunja midomo. Lakini wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepoa. Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, kabla sijazaliwa, Waingereza waliwakusanya watu wa vilima vyetu wakawaingiza katika kijiji kimoja chenye uzio na handaki, na kila jioni homugadi, wenyeji waliowatumikia Waingereza kama askari, walipita wakiwahesabu kwa fimbo, wakubwa kwa watoto. Shosho aliingia humo na wanawe. Njaa na homa vilikuwa vingi. Alituambia mara moja tu, akiwa anamenya viazi, bila kuinua macho: "Jioni walituhesabu, asubuhi tulikuwa tumepungua. Jioni tena, asubuhi tena. Sasa nyinyi niambieni mimi mjinga." Mwanawe wa kwanza, Mbugua, alifia humo. Baba yangu alikuwa mdogo wake.

Kwa desturi yetu majina ya watu wa baba hurudi kwa watoto kwa zamu. Zamu ilipofika, mama alijifungua kitinda mimba wetu, naye akaitwa Mbugua. Sidhani kama kuna aliyewahi kumwona Shosho akicheza kabla ya siku ile. Alimwita yule mtoto "mwanangu", si mjukuu, na mama alijifunza kumwazima mtoto wake mwenyewe. Mbugua alikuwa na kichwa kikubwa, mashavu ya kuvutwa, na alikuwa ameanza tu kuunganisha maneno wakati karani alipokuja.

Karani alikuwa kijana wa ofisi ya chifu, mwembamba, mwenye viatu safi kuliko njia zetu. Ilitangazwa kanisani Jumapili kwamba atapita nyumba kwa nyumba kuhesabu watoto wadogo. Kwa nini? Hakuna aliyesema. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba hata yeye hakuwa ameambiwa. Kwa watu wa juu, tangazo hilo lilitosha kuwakosesha usingizi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huku juu kila nyumba ilikuwa na aliyeumwa.

Asubuhi aliyokuja, watoto wa Mahigaini waliyeyuka. Wengine walipelekwa kwa shangazi ng'ambo ya kijito, wengine walitumwa kuni ambazo hazikuhitajika. Shosho hakumwamini mtu yeyote na Mbugua wake. Alimfunga kifuani kwa shuka, akampa kipande cha muwa afyonze, akajitupia blanketi mabegani, kisha akajitwika mgongoni mzigo wa majani ya ng'ombe, kamba kwenye paji la uso, akainama kama wanavyoinama wanawake wote wa kwetu chini ya mzigo. Mbele yake hapakuonekana kitu. Alitoka shambani, akapita mlangoni pale pale, karani akiwa amesimama na mama.

"Pole na kazi, shosho," karani akamwambia kwa huruma. "Hiyo mzigo ni kubwa sana."

"Ni nyepesi, mwanangu," Shosho akamjibu, na akaenda zake.

Mimi nilikuwa kando ya mama nimejibana nisicheke. Karani akamgeukia mama. "Sasa watoto wadogo hapa ni ngapi, mama?"

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama lile fungu la majani likishuka njiani polepole. Kisha akasema hesabu iliyopungua mmoja. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba ile hesabu kamili ilikuwa imefika kwenye ulimi, na kwamba aliimeza kwa sababu hakutaka kumwaibisha mkwewe mbele ya mgeni. Kwa mwanamke wa pale, mama wa mume si mtu wa kupingwa mbele ya mtu wa serikali.

Chini kwa wapangaji mambo yalikuwa tofauti. Mama Mutua aliwapanga wanawe mlangoni, pua zimepanguswa. Mpangaji hafichi kitu, maana hajui nani atakuja kuuliza kesho. "Wangu ndio hawa, wote wanaonekana," alisema, na akahesabiwa pamoja na kila alichokizaa. Shosho aliposikia alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alimpelekea kibuyu cha uji jioni ile, kama mtu anayetoa rambirambi mapema.

Kisha surua ikaingia. Ilianzia bondeni, ng'ambo ya kijito, ikapanda. Tulikuwa tukisikia kilio asubuhi kutoka upande fulani na hakuna aliyeuliza ni nini. Na hapo ndipo tangazo la pili likaja kanisani: gari la daktari linakuja, linaleta dawa ya kuwachoma watoto sindano ili surua isiwapate. Kila mwenye mtoto mdogo afike uwanja wa kanisa.

Walifika. Jamani, walifika. Watoto walitokea kama kumbikumbi baada ya mvua, wengine sijawahi kuwaona mpaka siku ile. Mwanamke mmoja aliyekuwa amemwambia karani kwamba hana mtoto mdogo alikuja na mapacha. Kila mtu alimtazama mwenzake na kila mtu akajifanya kuona mawingu. Shosho alimfunga Mbugua mgongoni, waziwazi, akatembea mbele yetu kwa hatua ndefu. Kuhesabiwa alikuogopa, lakini sindano hakuiogopa hata kidogo. Dawa aliijua faida yake.

Karani alikuwepo, na aliita kwanza wale aliokuwa amewaandika. Mama Mutua aliitwa, wanawe wakachomwa, wakalia, wakapewa ndizi. Wengi wa chini waliitwa. Sisi wa juu wenye watoto ambao hawakuandikwa tuliambiwa tungoje upande. Jua likapanda. Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, mikono yake haikupumzika. Alipomaliza walioitwa akaanza na sisi, mmoja baada ya mwingine, na mstari ulipokuwa bado mrefu mbele yetu nikamwona ameinua kichupa, akakitazama kwenye mwanga, akakiweka chini.

"Imeisha," alisema.

Mwanaume mmoja aliuliza kwa hasira inaishaje na watoto wamejaa hivi. Nesi hakukasirika. Alisema, "Nilileta kulingana na hesabu niliyopewa. Niliongeza hata kidogo. Sikujua mko hivi."

Nilimtazama mama, mama akamtazama Shosho, na Shosho akatazama ile meza na vichupa vitupu vyake. Hapakuwa na wa kugombana naye. Tungemwambia nini nesi, kwamba tulidanganya kwa mapenzi?

Mama Mutua alifika mbio pale mbele. "Dada, basi si ungetoa kwa wangu kidogo?" alimwambia nesi, akimvuta Mutua kwa mkono. Maskini, alidhani labda ikishaingia inaweza kugawanywa. Nesi alimshika bega tu. Alituahidi kwamba atarudi, na safari hii ataleta ya kutosha, lakini lazima ajue ni wangapi. Akamwambia karani awahesabu waliobaki.

Yule kijana alichukua penseli yake akapita. Moja, mbili. Alikuwa akimgusa kila mtoto kichwani kwa ncha butu ya penseli, asije akarudia. Hakuwa na nia mbaya, walimu hufanya hivyo kila siku. Niliona Shosho anajikunja, nikaona mkono wake unarudi nyuma kutafuta ncha ya shuka amfunike Mbugua. Alichelewa. Penseli iligusa kile kichwa kikubwa, namba ikatajwa kwa sauti, karani akasonga mbele.

Njia nzima ya kurudi Shosho alikuwa akipeleka kiganja nyuma, akipangusa pale penseli ilipogusa, kama anayefuta masizi. Mbugua alidhani ni mchezo, akacheka.

Homa ilianza siku chache tu baadaye. Macho yakawa mekundu, kikohozi, kisha upele nyuma ya masikio ukashuka mwili mzima. Alifungiwa chumba cha giza, kama ilivyokuwa desturi. Mama alimbeba mpaka zahanati, akarudishwa na dawa ya homa na maneno kwamba ampe maji, hospitali kubwa imejaa wenziwe. Baba aliacha kazi mjini akakaa kwenye kigoda nje ya mlango, mikono imening'inia, na sijui kwa nini kumwona baba hana la kufanya ndiko kulikonitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu mzima alikuwa, kwangu, ni yule anayejua la kufanya. Wiki ile hapakuwa na mtu mzima nyumbani kwetu.

Asubuhi moja Shosho alivaa nguo zake za kanisani akaniambia, "Nyambura, nipeleke kwa yule kijana."

Tulitembea mpaka ofisi ya chifu. Karani alikuwa peke yake, anakunywa chai. Alisimama alipomwona mzee, na hilo sitamnyima.

"Kuna mmoja ulimhesabu vibaya," Shosho alimwambia. "Nataka umtoe."

"Nani huyo, shosho?"

"Mbugua. Ulimgusa hapa." Akajigusa kichwa. "Sisi hatuhesabangi watu. Mtoe, atapona."

Karani alinitazama, nami nikatazama sakafu. Nilikuwa na aibu, nikijua kwamba shuleni tungechekwa, na papo hapo nilikuwa ninaomba kwa moyo wote kwamba amtoe. Kijana akakuna shavu. "Ile karatasi ilienda na nesi, shosho. Na hakuna majina huko, ni namba tu. Hata ningetaka, sina kitu ya kufuta."

"Basi futa kwa mdomo. Uliweka kwa mdomo. Sema hayumo."

Nadhani alikuwa na bibi yake mwenyewe mahali fulani, kwa sababu aliweka kikombe chini, akanyoosha shati, akasema kwa heshima kabisa, "Sawa, shosho. Mbugua hayumo."

Shosho alimshukuru kwa mikono miwili. Njiani alikuwa mwepesi, hata aliniuliza habari za shule. Tulipofika pale njia inapopinda na kuonyesha paa letu, tulisikia mama. Kilio cha mama yako unakijua hata kama hujawahi kukisikia. Shosho alisimama katikati ya njia. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Nimefika nimechelewa," kisha akakaa chini, pale pale vumbini, na nguo zake za kanisani.

Neno lile la karani, "hayumo", linanichoma mpaka leo. Alilisema kwa wema.

Tulimzika shambani, upande wa juu wa zile nduma, na baada ya hapo nyumba yetu ilikuwa na maelezo mawili. Shosho alijua kwamba Mbugua alikufa kwa sababu alihesabiwa: alimficha, akawa mzima, akaguswa na penseli, akaenda. Mama alijua kwamba alikufa kwa sababu hakuhesabiwa: angetaja hesabu kamili siku ile mlangoni, mtoto angeitwa na kuchomwa pamoja na Mutua. Wote wawili walikuwa na ushahidi. Hawakugombana hata siku moja. Walipika kwenye jiko moja, wakapaliliana mashamba, na walipofika mahali pa jina lake walinyamaza wote pamoja, na ungedhani wanakubaliana.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza muuguzi mmoja, mama mwenye uzoefu wa miaka mingi. Alinieleza kwamba surua hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya kujionyesha, na kwa jinsi nilivyomsimulia, huenda mtoto alikuwa nayo tayari siku ile ya foleni. Sindano labda isingemfaa. Nilidhani jibu hilo lingenipa amani. Badala yake nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni. Kumbe nilikuwa nikiyategemea yale maelezo mawili bila kujua.

Nesi alirudi alivyoahidi. Tuliokuwa tumebaki tuliitwa uwanjani, na mama akaniambia nimpeleke Shosho kwa kuwa alisisitiza kwenda, ingawa mgongoni hakuwa na mtu. Safari hii kila kitu kilikwenda sawa. Watoto wote wa juu walichomwa, wakalia, wakapewa ndizi. Mwishoni nesi akainua kichupa kwenye mwanga kama mara ile, akatazama huku na huku, akauliza:

"Imebaki ya mtoto mmoja. Nani hajaletwa?"

Wanawake waliinamisha vichwa. Mama Mutua alijifunika uso kwa leso. Shosho akasogea mpaka mezani, akakitazama kile kichupa kwa karibu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu.

"Hiyo ni ya Mbugua," alisema.

"Yuko wapi, mama? Mlete, nitangoja."

Shosho alinishika mkono, mkono wake mkavu na mwepesi, tukapanda kilima. Nilimsikia nesi akiuliza tena nyuma yetu, na bado hakuna aliyemwambia.

Wote wawili wamekufa sasa, Shosho akiamini lake na mama akiamini lake. Mimi nimebaki katikati, sina upande, na nimemtafuta wa kumlaumu mpaka nikachoka. Karani hakukosea, nesi hakukosea, na wale wanawake wawili walimpenda mtoto kwa kila walichokijua. Huzuni yenye mkosaji huweza kusamehewa siku moja ikaondoka. Hii yetu haina, kwa hiyo naishi nayo.